Ghala la PGXN Likitazamwa Kutoka Mafiga

Mtu akikwambia kwamba anataka kuhakiki ghala la programu za kompyuta, yamkini utadhani anafanya mzaha. Tumezoea uhakiki wa riwaya, tamthilia na mashairi, vitu vyenye mtunzi, fani na maudhui. Lakini ghala ninalotaka kulieleza hapa nalo lina mtunzi, lina umbo alilolichagua kwa makusudi, na matokeo ya uchaguzi huo yanawafikia watu ambao hawajawahi kulisikia hata jina, wakiwamo majirani zangu wa hapa Mafiga, mjini Morogoro, ambao akiba zao na majina yao yameandikwa ndani ya kompyuta. Basi, ndugu msomaji, univumilie kidogo. Nitajaribu kuyasema ya kompyuta kwa Kiswahili cha barazani.

Tuanze na kanzidata. Kanzidata ni daftari la ndani ya kompyuta. Lina safu na mistari kama lile la karani, ila hili linaweza kuulizwa maswali. Ukiliuliza ni wanachama gani hawajarejesha mikopo tangu Januari, litakutajia majina yao kabla hujamaliza kupiga chafya. Mojawapo ya kanzidata zinazoheshimiwa sana duniani ni PostgreSQL, iliyochipuka katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986, na kupata jina lake la sasa mwaka 1996. Ni programu huria, maana yake mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuisoma matumbo yake, kuigeuza na kuigawa kwa wengine bila kulipa hata senti moja. Kwa nchi kama yetu hilo si jambo dogo. Mfumo wa DHIS2, ambao Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011 na Tanzania Bara nayo ikafuata, ndio unaopokea takwimu za zahanati na vituo vya afya, na chini yake imelala PostgreSQL hiyo hiyo.

Hata hivyo PostgreSQL peke yake haijui kila kitu, wala waliyoitunga hawakutaka ijue kila kitu. Waliiachia milango, na kupitia milango hiyo watu wengine huiongezea ujuzi. Fungu la programu linaloingizwa hivyo ndilo ninaloliita nyongeza. Iko PostGIS, inayoifundisha ramani. Iko pgTAP, inayowapa mafundi njia ya kupima kama kanzidata inafanya kazi kama ilivyokusudiwa. Iko temporal_tables, inayotunza historia ya kila mstari, ili ijulikane mstari huo ulisomekaje jana kabla mtu hajaugusa. Mweka hazina yeyote wa chama cha akiba na mikopo ataona faida ya hiyo ya mwisho bila kuelezwa mara mbili.

Ghala la nyongeza hizo ndilo PGXN. Mwanzilishi wake ni David Wheeler wa Marekani, ambaye ndiye pia mtunzi wa pgTAP. Alilitangaza mwaka 2010 na mwaka uliofuata likaanza kazi. Wakati wake ulikuwa mzuri. Septemba 2011 lilitoka toleo la 9.1 la PostgreSQL, na ndani yake ilikuwamo amri mpya, CREATE EXTENSION, ambayo jasho lake kubwa lilitoka kwa Dimitri Fontaine wa Ufaransa. Kabla ya amri hiyo fundi alimwaga mamia ya mistari ndani ya kanzidata yake kwa mkono, na siku alipochukua nakala ya tahadhari, matumbo ya nyongeza yalitoka yamechanganyika na data za watu kama mchele na chuya. Tangu 9.1 nakala huandika mstari mmoja tu: hapa iwekwe nyongeza fulani. Msomaji aukumbuke mstari huo, maana nitaurudia.

Wheeler hakulibuni ghala lake kutoka hewani. Alikuwa mtu wa lugha ya Perl, na watu wa Perl wana ghala lao, CPAN, tangu mwaka 1995. Nao walikuwa wameiga kwa wapangaji chapa wa TeX, wenye CTAN. Alichokifanya ni kuuchukua mfano uliokwisha zoeleka na kuupeleka mahali ulipokuwa haujafika. Mwandishi wa nyongeza anaomba akaunti, akishakubaliwa anaweka kazi yake ndani ya faili moja lililobanwa, pamoja na kijifaili kiitwacho META.json kinachotaja jina la nyongeza, toleo lake, maelezo mafupi, mtunzaji wake na leseni yake. Bila leseni haipokelewi. Nalisifu sharti hilo, kwa sababu nimeona programu nyingi zikigawiwa mitaani kwa flashi bila mtu kujua kama anatumia cha halali au cha wizi. Halafu toleo likishapakiwa, halibadilishwi. Ukitaka kurekebisha, unatoa toleo jingine lenye namba yake. Na kila faili lina alama ya uhakiki, msururu wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na faili lenyewe, ili anayelipakua ajue kama limeharibika njiani.

Sasa nifike kwenye lile linalonifanya nilipende ghala hili kuliko mengine yaliyokuja baada yake. PGXN, ukiivua nguo zote, ni mafaili yaliyopangwa ndani ya mafolda. Basi. Hakuna akili ya ajabu inayokaa katikati ikijibu kila anayebisha hodi. Orodha ya nyongeza ni faili, maelezo ya kila moja ni faili, na nyongeza yenyewe ni faili. Kwa hiyo mtu yeyote mwenye diski na subira anaweza kulinakili ghala zima, kutoka paa hadi msingi, kwa programu ya siku nyingi iitwayo rsync, ambayo kila irudipo huchukua yale tu yaliyobadilika. Nakala hiyo si kivuli cha ghala. Ni ghala kamili. Programu ya kupakulia, iliyoandikwa na Daniele Varrazzo, inakubali kuelekezwa kwenye nakala yoyote, hata ile iliyo chumba cha pili, na inakubali pia kupewa faili lililoletwa kwa mkono. Maghala mengi ya siku hizi hayajengwi hivi. Hujibu kupitia seva moja iliyo hai mbali huko, na seva isipofikika ghala limefungwa, ufunguo mfukoni mwa mwenyewe.

Je, ni jambo la kuwahangaisha watu? Mtu wa Berlin anaweza kuona ni mapambo tu. Sisi tunakumbuka Mei 2024. Tarehe 12 ya mwezi huo nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika katika bahari ya upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizopata taabu kubwa. Intaneti ikawa ya kudonadona kwa siku kadhaa. Katika juma hilo alinijia kijana anayetunza kompyuta ya kikundi kimoja cha kuweka na kukopa cha hapa mjini.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Mbona umekunja uso?”

“Mashine imekufa, mzee. Nakala ninayo, lakini haikubali kufunguka kwenye mashine mpya.”

Nakala yake ilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa ule mstari niliosema nitaurudia: hapa iwekwe nyongeza fulani. Mashine mpya ilijibu kwamba faili la nyongeza hiyo halionekani, kwa sababu halikuwapo, na la kulileta lilikuwa upande wa pili wa waya uliokatika. Akina mama walikuwa wanangoja gawio lao la katikati ya mwaka. Michango yao yote ilikuwa ndani ya lile faili la nakala, salama salimini, isipokuwa kwamba hakuna aliyeweza kuisoma. Tulizunguka mjini siku mbili. Tulipata kwa rafiki yangu mmoja flashi yenye faili la nyongeza kutoka PGXN, tukafurahi, kisha tukagundua kwamba furaha yetu imekuja mapema.

Hapa ndipo sifa zangu kwa Wheeler zinapoingia doa. Kinachogawiwa na PGXN ni msimbo chanzo, yaani programu kama mtunzi alivyoiandika, ambayo mashine haiwezi kuitumia mpaka ijengwe. Wakazi wa Mafiga hawahitaji mfano wa mbali. Maji ya bwawa la Mindu hayaendi moja kwa moja kwenye mabomba ya watu. Hupitia kwanza kwenye mtambo wa kusafishia ulio hapa hapa kwetu. PGXN inakupa maji ya bwawa, tena bure na kwa moyo mweupe, ikitegemea kwamba kila nyumba ina mtambo wake. Mtambo wenyewe ni kompaila ya lugha ya C, programu iitwayo make, na mafaili ya vichwa ya PostgreSQL ya toleo lile lile unalolitumia. Mashine ya yule kijana haikuwa na hata kimoja, na vyote hivyo hupatikana kwa kupakuliwa kutoka intaneti. Hatimaye tulipata mashine nyingine yenye PostgreSQL ya toleo kuu lile lile na nyongeza iliyokwisha jengwa, tukanakili mafaili yake matatu, na nakala ikafunguka. Kama ile mashine ya msaada ingekuwa na toleo la 15 na yetu la 14, tungerudi nyumbani mikono mitupu, kwa kuwa nyongeza iliyojengewa toleo kuu moja hukataliwa na jingine.

Nisimwonee mtunzi. Kugawa chanzo kulikuwa na sababu. PostgreSQL hutoa toleo kuu kila mwaka, na huendeshwa kwenye Linux za makabila mengi, kwenye Windows na kwenye Mac, juu ya vichakato vya Intel na vya ARM. Zidisha hayo yote kwa idadi ya nyongeza uone mlima wa kujenga. Mtu mmoja na marafiki zake mwaka 2011 wasingeupanda. Tena chanzo kina heshima yake: unaweza kukisoma kabla ya kukiingiza kwenye daftari la fedha za watu, ilhali programu iliyokwisha jengwa huna budi kumwamini aliyeijenga. Wako pia wanaojenga na kugawa nyongeza kwa njia nyingine, hasa ghala la apt la mradi wenyewe wa PostgreSQL, na nyongeza kubwa kama PostGIS husafiri zaidi kwa njia hiyo. Lakini huko hugawiwa zile zilizopata mtu wa kuzifungasha. Nyongeza ya kijana asiyejulikana, hata ikiwa nzuri, hubaki chanzoni.

Mwaka 2024 Wheeler mwenyewe alianza kuandika mapendekezo ya ghala la kizazi cha pili, litakaloweza kubeba nyongeza zilizokwisha jengwa. Nayaunga mkono kwa sharti moja. Wasije wakaona kwamba maadamu sasa kila kitu ni tayari kuliwa, basi kiletwe na seva yenye akili, na ule upangaji wa mafaili makavu yanayonakilika utupwe kama ukale. Kwangu mimi, ghala la chanzo ninaloweza kulibeba mfukoni lina thamani kuliko ghala la vitu vilivyopikwa ambalo linafunguka tu wakati waya wa bahari ni mzima. Msomaji wa Ulaya atanibishia, na katika mazingira yake atakuwa na haki.

Lawama yangu ya pili naipeleka kwa waandishi kuliko kwa ghala. Wengi wamejizoesha kuweka kazi zao GitHub na kuishia hapo, hawajisumbui kuzipeleka PGXN. Kuandika META.json ni kazi ya nusu saa. Wasipoifanya, ghala linabaki na mapengo, na mwenye mapengo huonekana mzembe hata kama si yeye aliyeyatoboa.

Nimebakiza jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote, nalo ni lugha. PostgreSQL ina uwezo wa kutafuta ndani ya maandishi. Ukiipa maelfu ya maelezo ya Kiingereza na kutafuta neno kwa umoja, italeta na lililo katika wingi, kwa sababu imefundishwa kulikata neno hadi shina. Katika lugha inazokuja nazo yumo Mhindi, Mnepali, Mtamil, Mwarmenia, Mwarabu, hata Myidi. Kiindonesia kimo. Kiswahili hakimo, wala hakuna lugha yoyote ya Kibantu. Matokeo yake ni kwamba muuguzi aliyeandika “mtoto ana homa” hatapatikana na anayetafuta “watoto”. Kwa kompyuta hayo ni maneno mawili yasiyojuana.

Watu husema tumia pg_trgm, nyongeza inayokuja na PostgreSQL yenyewe. Hiyo hulikata neno vipande vya herufi tatu tatu, ikihesabu na nafasi tupu za mwanzo na mwisho, halafu hutazama maneno mawili yanachangia vipande vingapi. Nimeipima. “Kitabu” na “vitabu” vinachangia vipande 4 kati ya 10, yaani 0.4, vizuri. “Mtoto” na “watoto” ni 3 kati ya 10, yaani 0.3, na kizingiti cha kawaida ni hicho hicho 0.3, kwa hiyo watoto wetu wanapita mlangoni kwa kukwaruza bega. Lakini “mtu” na “watu” ni kipande 1 kati ya 8, na “jino” na “meno” ni 1 kati ya 9. Hapo mlango umefungwa. Na tusizungumzie “hawakutupikia”, ambamo kitenzi “pika” kimefunikwa mbele kwa viambishi vinne na nyuma kimeongezewa kingine. Kwa lugha inayobadilika zaidi kwenye kichwa cha neno, kulinganisha sura za herufi hakutoshi. Lazima mtu aandike kanuni za ngeli.

Kazi hiyo ni ya ukubwa wa nyongeza moja. Si lazima mtu aiguse PostgreSQL yenyewe, wala kumwomba ruhusa yeyote. Tena hatuanzii sifuri. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili, na LibreOffice ya leo ina orodha ya maneno ya Kiswahili cha Tanzania kwa ajili ya kusahihishia tahajia. Zipo sarufi zilizochapishwa, yapo makamusi, wapo walimu wanaojua ngeli usingizini. Kinachotakiwa ni mwalimu mmoja na fundi mmoja wakae meza moja kwa miezi michache, wapime kwa maandishi halisi ya zahanati, ya mabaraza ya kata, ya masoko ya mazao ya Uluguru ambako “gunia” na “magunia”, “ndizi mbivu” na “mkungu mbivu” huandikwa na kila karani kwa namna yake.

Ikishaandikwa, PGXN ndipo mahali pake. Chanzo chake kingekuwa wazi kwa mwalimu wa Zanzibar kusema hapa mmekosea, na kwa mwalimu wa Bukavu kusema kwetu hatusemi hivi. Matoleo yangepandishwa namba, ya zamani yakabaki yalipo. Na nakala ingekaa katika chuo chochote chenye seva na umeme wa uhakika, mathalani hapa kwa jirani zetu wa SUA, ikijisasisha usiku wakati intaneti ina nafasi, pamoja na nyongeza iliyokwisha jengwa kwa matoleo machache ya Linux yanayotumika zaidi nchini.

Liko neno la tahadhari kuhusu majina. Kanuni ya PGXN ni kwamba jina la nyongeza ni la aliyelipakia kwanza. Baada yake hakuna mwingine anayeweza kulitumia mpaka mwenyewe amwongeze kuwa mmiliki mwenza. Ni kanuni ya haki, inazuia ubishi. Ila maana yake ni kwamba jina kama “kiswahili” litakuwa la atakayewahi, awe anaishi Kariakoo au Oslo, awe anajua kwa nini jino huwa meno au amekusanya tu maneno kwa mashine. Leseni huria itawaruhusu wengine kuichukua kazi yake na kuitengeneza upya, lakini chini ya jina jingine, na watafutaji watalifuata lile la kwanza. Kwa kuwa kanuni hiyo hiyo inaruhusu wamiliki wenza, napendekeza jina hilo lisajiliwe na watu wasiopungua watatu wa miji mitatu tofauti, mmoja wao akiwa mwalimu wa lugha.